Gaspard Monge: Mwana wa mchuuzi aliyewafungulia mafundi siri ya ramani

YEYOTE anayekusudia kujenga nyumba ya mawe Ukunda, Diani au Msambweni hupaswa kwanza kupeleka ramani kwa wakuu wa kaunti ili iidhinishwe. Ndani ya ramani hiyo, nyumba ile ile moja huchorwa mara kadha: jinsi inavyoonekana kutoka juu, jinsi inavyoonekana kwa mbele na jinsi inavyoonekana ubavuni. Hakuna hata mchoro mmoja kati ya hiyo unaofanana na nyumba jinsi mpita njia aionavyo. Hata hivyo, fundi anayejua kuisoma akiiweka pamoja, huweza kuisimamisha nyumba nzima bila kuonana ana kwa ana na aliyeichora.

Utaratibu huo wahandisi huuita projeksheni ya othografiki. Sehemu zake zilijulikana tangu kale, lakini mtu aliyeutia katika kanuni za hisabati na kuufanya somo la shuleni ni Mfaransa Gaspard Monge, aliyefariki mwaka wa 1818. Maisha yake ni kisa cha kijana aliyenyimwa nafasi ya darasani kwa sababu ya nasaba yake, akavumbua elimu ambayo wakubwa waliifanya siri ya jeshi, kisha akaishi hadi siku aliyoifundisha yeye mwenyewe hadharani.

Monge alizaliwa mwezi Mei 1746 katika mji mdogo wa Beaune, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jacques Monge, alikuwa mchuuzi na mnoa visu. Hakuwa na cheo wala shamba la kurithisha, lakini alikuwa na imani kubwa katika elimu, akahakikisha kwamba wanawe watatu wamesoma. Gaspard alisomeshwa na mapadri wa mji huo, na alipofika umri wa miaka 16 akapelekwa chuoni katika jiji la Lyon. Mwaka mmoja baadaye walimu wake walikuwa wamekwisha kumkabidhi darasa la fizikia alifundishe.

Aliporejea Beaune mwaka wa 1764, kijana huyo alijitwika kazi ambayo hakutumwa na mtu. Alichora ramani kubwa ya mji wake, na kwa kuwa hakuwa na ala za kupimia, akajitengenezea mwenyewe. Ramani hiyo ilimpendeza afisa mmoja wa jeshi aliyeiona, naye akampendekeza kwa wakuu wa Shule ya Kifalme ya Uhandisi iliyokuwa Mézières, kaskazini mashariki mwa nchi. Kwa mtoto wa mnoa visu, mlango kama huo haukuwa wa kawaida kufunguka.

Kumbe ulifunguliwa nusu tu. Shule ya Mézières ilikuwa ya kuwafunza maafisa wa uhandisi wa jeshi, na nafasi hizo ziliwekewa vijana wa jamaa bora. Monge, kwa kuwa hakuwa na nasaba hiyo, aliwekwa upande wa mafundi, mahali ambapo vijana wa kawaida walichora ramani na kufinyanga vielelezo vya ngome kwa plasta. Mkono wake ulisifiwa, lakini kichwa chake hakikuulizwa neno. Mnyonge hana haki, wasema wahenga, na Monge aliuonja ukweli wa methali hiyo akiwa bado hajatimiza miaka 20.

Nafasi yake ilikuja baada ya mwaka mmoja hivi, alipopewa kazi ya kukokotoa vimo vya kuta za ngome. Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Ngome ikijengwa karibu na vilima, adui huweza kupandisha mizinga kilimani na kuwalenga walinzi kutoka juu. Kwa hiyo kila sehemu ya ukuta ni lazima iinuliwe kiasi cha kuwakinga walio nyuma yake. Lakini haifai kuzidisha, kwa maana kila futi isiyohitajika ni mawe, chokaa na fedha zilizopotea. Maafisa walivitafuta vimo hivyo kwa hesabu ndefu za tarakimu, hatua baada ya hatua, na kazi ilichukua muda mwingi.

Monge aliziweka kando hesabu hizo, akalitatua tatizo kwa penseli, rula na bikari. Kwa maneno mepesi, aliwaza bapa, yaani uso ulionyooka kama ubao mkubwa usio na mwisho, linaloegemea vilele vya vilima na kupita juu ya vichwa vya walinzi. Pale bapa hilo linapokutana na ukuta, ndipo kimo kinachotakiwa. Kilichobaki ni kulichora bapa hilo kwenye karatasi kwa njia ambayo vipimo vyake vingesomeka bila kukosea.

Alipoipeleka kazi yake, mkuu wa shule alikataa hata kuitazama. Hakuamini kwamba mtu angeweza kuimaliza hesabu hiyo kwa muda mfupi namna ile. Monge alishikilia kwamba ikaguliwe. Ilipokaguliwa, ikaonekana kuwa sahihi, na wakuu wakatambua kwamba aliyeandikwa kama mchoraji alikuwa amewapita walimu.

Njia hiyo yafaa ielezwe kwa kitu kinachojulikana. Chukua mfano wa mbuzi ya kukunia nazi, chombo kisichokosekana katika jiko la Mdigo. Ukiitazama kutoka juu, utaona kibao cha kukalia na ulimi wa chuma uliochomoza, ila miguu imefichwa na kibao. Ukiitazama ubavuni, utaiona miguu ikipishana na utaweza kupima kimo cha kibao, lakini hutajua upana wake. Ukiitazama kwa mbele, upana na kimo vitaonekana, lakini hutajua ulimi umetokeza kiasi gani. Kila sura hufichua jambo moja na kuficha jingine, na ni kwa kuziweka pamoja tu ndipo chombo kizima hupatikana.

Hapo ndipo mchoro wa mhandisi unapotengana na picha ya msanii. Msanii huchora kama jicho lionavyo: kilicho mbali hupungua, na njia ndefu huonekana kama inayokutana upeoni. Picha hiyo hupendeza, lakini fundi akiipima kwa rula atapotea. Katika mchoro wa othografiki, mistari ya kutazamia huwa sambamba na huifikia karatasi kwa pembe mraba, kwa hiyo ubavu uliolingana na karatasi hubaki na kipimo chake cha kweli, uwe karibu au uwe mbali. Kingo zilizofichika hazisahauliwi, bali huchorwa kwa mistari ya vipande vipande.

Werevu wa Monge ulikuwa katika kuziunganisha sura hizo. Waza mbuzi ile imening'inizwa mbele ya ukuta, juu ya sakafu. Kutoka kila ncha yake, shusha uzi wa timazi hadi sakafuni, kisha nyoosha uzi mwingine hadi ukutani kwa pembe mraba. Alama za sakafuni hukupa sura ya juu, na zile za ukutani hukupa sura ya mbele. Sasa ulaze ukuta nyuma, kama ubao unaozunguka kwenye bawaba, hadi ulingane na sakafu. Sura zote mbili zitakuwa kwenye karatasi moja, na kila ncha ya sura moja itasimama sawia na mwenzake wa sura ya pili. Kutokana na sura mbili hizo, Monge alionyesha jinsi ya kupata urefu wa kweli wa ubao ulioinama, pembe kati ya paa mbili, au mstari ambao bomba mbili hukutania.

Haki yataka isemwe kwamba Monge hakuwa wa kwanza kuchora jengo kutoka juu na kutoka mbele. Wakazi wa Kwale wanaovuka kivuko cha Likoni kwenda Mombasa wanaifahamu ngome ya Fort Jesus, ambayo ujenzi wake ulianza 1593 kwa usanifu wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Monge kuzaliwa. Mchoraji Albrecht Dürer wa Ujerumani alikuwa ameunganisha sura za mbele na za ubavuni za mwili wa binadamu katika kitabu kilichochapishwa 1528. Waashi na maseremala wa Ulaya nao walikuwa na mbinu zao za kuchora mawe ya matao na mbao za mapaa, na Mfaransa Amédée-François Frézier aliziandikia kitabu kikubwa kati ya 1737 na 1739. Lakini mbinu hizo zilikuwa vipande vipande, kila ufundi na zake. Monge alizikusanya, akaonyesha kwamba zote ni tanzu za elimu moja, akaiita jiometri fafanuzi.

Elimu hiyo ilipewa heshima ya ajabu: ilifichwa. Jeshi la Ufaransa lilitambua kwamba taifa linaloweza kubuni ngome kwa haraka na usahihi lina nguvu juu ya maadui wake, kwa hiyo Monge hakuruhusiwa kuichapisha. Aliifundisha Mézières, ambako alifanywa profesa wa hisabati mwaka wa 1769, kwa maafisa wale wale ambao hakustahili kuketi pamoja nao. Waashi na maseremala, ambao kazi yao ndiyo iliyokuwa chimbuko la elimu hiyo, hawakupata hata ukurasa mmoja. Hali hiyo ilidumu takriban miaka 30.

Katika muda huo Monge hakukaa bure. Mwaka wa 1777 alimwoa Catherine Huart, mjane aliyekuwa na karakana ya kuyeyushia chuma, naye akavutwa na elimu ya madini. Mwaka wa 1780 alichaguliwa katika Chuo cha Sayansi cha Paris. Mwaka wa 1783 alifanya jaribio la kuunda maji kutokana na gesi mbili, wakati Lavoisier nchini mwake na Cavendish nchini Uingereza nao walipokuwa wakilichunguza jambo hilo hilo. Mwaka huo pia aliteuliwa mtahini wa vijana wa jeshi la majini. Wenye vyeo walikuja kumlalamikia, kwani alikataa kuwapitisha watoto wa wakubwa waliokuwa hawajui kitu.

Mapinduzi ya 1789 yalimkuta na miaka 43, naye akayaunga mkono kwa moyo wote. Mwezi Agosti 1792 alifanywa Waziri wa Majini. Kazi hiyo haikumfaa. Meli zilikuwa mbovu, mabaharia walikuwa wameasi na hazina ilikuwa tupu, na profesa huyo hakuwa na ukali wa mtawala. Akajiuzulu mwezi Aprili 1793. Alifaulu zaidi alipokabidhiwa kusaidia utengenezaji wa silaha wakati Ufaransa ilipozingirwa na majeshi ya wafalme wa Ulaya. Alizunguka katika karakana mchana, na kuandika usiku kitabu cha kuwaelekeza mafundi namna ya kutengeneza mizinga, chenye michoro iliyopimwa barabara.

Vita hivyo vilimthibitishia jambo ambalo alikuwa ameliona tangu ujana: nchi isiyo na mafundi wanaosoma michoro hubaki kuwa mteja wa nchi nyingine. Mwaka wa 1794 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chuo kipya cha uhandisi mjini Paris, ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la École polytechnique. Wanafunzi wake waliingia kwa mtihani, si kwa nasaba. Saa nyingi za masomo yao zilitengewa jiometri fafanuzi.

Siri nayo ikafichuka. Mapema mwaka wa 1795 Monge aliifundisha jiometri hiyo hadharani katika École normale, chuo cha walimu kilichokusanya zaidi ya wanafunzi elfu moja kutoka pembe zote za nchi. Waandishi wa mkato walinakili mihadhara yake, ikachapishwa, na mwaka wa 1799 ikatolewa kama kitabu. Katika utangulizi wake alieleza kwamba lengo ni kuikomboa Ufaransa kutokana na kutegemea viwanda vya kigeni, na kwamba njia ni kuwazoesha vijana na mafundi usahihi wa vipimo. Kwake, mchoro ulikuwa lugha ambayo anayebuni, anayesimamia na anayejenga wote sharti waielewe.

Maisha ya Monge yaliingia pia Afrika. Mwaka wa 1798 aliandamana na Jenerali Napoleon Bonaparte kuivamia Misri, akiwa mmoja wa viongozi wa wasomi zaidi ya 150 waliosafiri na jeshi. Jijini Cairo aliteuliwa rais wa Taasisi ya Misri, Bonaparte akiwa makamu wake. Huko aliandika maelezo ya kisayansi kuhusu mazigazi, ile hali ya askari wenye kiu kuona maji jangwani mahali pasipo na maji, akionyesha kwamba ni miale ya nuru inayopindwa na hewa iliyopashwa joto na mchanga.

Upande huo wa maisha yake hauna sifa tupu. Kabla ya Misri alikuwa Italia, katika tume iliyochagua michoro, sanamu na vitabu vya thamani ili vipelekwe Paris kama ngawira ya vita. Wananchi wa Cairo walipoasi mwezi Oktoba 1798, uasi wao ulizimwa kwa mizinga. Monge aliyependa uhuru kwao hakuonekana kuuliza uhuru wa wengine, na urafiki wake na Bonaparte ulimziba macho hadi mwisho.

Napoleon alipokuwa Kaizari mwaka wa 1804, alimtunuku Monge vyeo. Tayari alikuwa seneta, na mwaka wa 1808 akapewa cheo cha ukabaila kilichobeba jina la mji wa kale wa Pelusium nchini Misri. Lakini katika jambo moja waligongana. Kaizari alikigeuza chuo cha École polytechnique kuwa cha kijeshi, kisha wanafunzi wakatakiwa walipe karo. Monge alipinga, kwa kuwa alifahamu karo ingemfungia nje mtoto wa mnoa visu. Aliposhindwa, alitoa malipo yake ya chuoni yawasaidie wanafunzi wasiojiweza. Mwaka wa 1809 aliacha kufundisha kwa sababu ya ugonjwa wa mikono.

Kuanguka kwa Napoleon mwaka wa 1815 kulimwangusha pia. Wafalme waliorejea hawakumsamehe, na mwaka wa 1816 walimfuta katika orodha ya wanachama wa taasisi kuu ya wasomi. Akili yake ilikuwa imeanza kudhoofika. Alifariki jijini Paris mnamo Julai 28, 1818, akiwa na umri wa miaka 72. Serikali iliwakataza wanafunzi wa chuo alichokianzisha kuhudhuria mazishi. Walitii, lakini siku yao ya mapumziko ilipowadia wakaenda makaburini kwa pamoja na kuweka shada la maua. Mwaka wa 1989 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, jengo ambalo Ufaransa huwalaza watu wake mashuhuri.

Elimu yake ilikuwa imekwisha kutangulia mbali. Mwaka wa 1816 mhandisi Claudius Crozet, aliyesoma École polytechnique, aliipeleka katika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani. Wamarekani baadaye walizoea kuweka sura ya juu kwenye upande wa juu wa sura ya mbele, ilhali Ulaya iliendelea kuiweka chini yake, jinsi ukuta wa Monge ulivyolazwa. Ndiyo sababu kila mchoro wa mashine leo hubeba alama ndogo ya pia iliyokatwa ncha, kumjulisha fundi ni utaratibu upi uliofuatwa. Asiyeitazama alama hiyo huenda akachonga chuma kilichogeuka kama taswira ya kiooni.

Pwani ya kusini inao ustadi wake ambao haukumngoja Monge. Wajenzi wa msikiti wa kale wa Kongo huko Diani, penye mlango wa Mto Mwachema, walikata matumbawe na kuinua kuta zilizodumu karne nyingi. Mafundi wa mashua wa Gazi, Shimoni na Vanga hupinda mbao kwa kipimo cha jicho na shibiri, bila karatasi, jinsi walivyofundishwa na baba zao. Ustadi huo ni hazina. Udhaifu wake ni mmoja: hukaa kichwani mwa mwenyewe, na fundi akifariki bila mwanafunzi, huzikwa naye.

Kwa upande mwingine, madaraja ya Mwache na Mteza kwenye barabara ya Dongo Kundu, ambayo yameipatia Kwale njia ya kufika bara bila kungoja feri, yalisimama kwa michoro. Katika kazi kama hizo, anayejua kusoma ramani husimamia, naye asiyejua hubeba zege, hata kama mikono yao ina ustadi sawa. Tofauti ya ujira kati yao haitokani na nguvu wala akili. Inatokana na lugha moja ambayo mmoja alifundishwa na mwingine hakufundishwa.

Kompyuta siku hizi huchora sura zote kwa muda mfupi, lakini hazimsomei mwashi aliye juu ya jukwaa. Bado yuko anayetakiwa kutazama mistari bapa na kuona chumba, ngazi na paa. Monge alithibitisha kwamba uwezo huo hauji na damu wala nasaba, bali hufundishika. Kijana anayejifunza useremala au uashi katika chuo cha ufundi Msambweni, Kinango au Matuga, akipewa rula, bikari na mwalimu mvumilivu, anapewa kitu ambacho kwa miaka 30 kiliwekewa watoto wa wakubwa peke yao.